Mashine yangu ya theluji na majenereta yenu yanaumwa ugonjwa mmoja

Ndugu Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika katika ukurasa huu juu ya makontena yanayoletwa na Wazanzibari waliokuwa wakiishi nje. Alisema tunaijaza nchi makorokoro, na mfano aliouchagua kuwachekesha watu ni mashine ya kuondolea theluji iliyoonekana Chake Chake "ikisubiri theluji ya Pemba". Mashine hiyo ni yangu. Iko Machomanne, chini ya banda la bati upande wa jikoni, imefunikwa turubai, na kila anayepita njia ya nyuma huiona kwa kuwa dohani yake imechomoza juu. Wallahi nilicheka. Na katika hilo la makorokoro nakubaliana naye: nimeona mafriji yakishushwa bandarini Malindi ambayo yangestahili kuzikwa hukohuko yalikofia. Lakini alipomalizia kwamba mashine ya namna ile haina la kumfundisha mtu wa hapa, nikaona nimwandikie, maana naona bwana huyu maishani mwake hajawahi kufungua kabureta, kile kidude cha injini kinachochanganya petroli na hewa.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni muuguzi mstaafu, mzaliwa wa Wete, na sehemu kubwa ya kazi yangu niliifanyia Ottawa, Kanada. Marehemu mume wangu alikuwa na maradhi ya mgongo. Watoto walikuwa wadogo, kisha wakawa wakubwa wasiotaka kuamka, kwa hivyo mashine ile ikawa yangu. Mimi ndiye niliyeiendesha, niliyeibadilisha mikanda na oili, na niliyeitukana ilipokataa kuwaka. Tulipouza nyumba, mwanangu ndiye aliyepakia kontena. Kontena lililipiwa zima, nafasi ikabaki, naye akaona ni dhambi kuiacha mashine inayowaka kwa mvuto mmoja. Ndivyo ilivyofika. Hakuna aliyetarajia theluji Machomanne.

Kwa asiyejua, theluji inayodondoka yenyewe si mzigo mkubwa, ni nyepesi, unaweza kuifagia. Balaa ni gari la manispaa la kusukuma theluji. Linapita alfajiri, linasafisha barabara, na kila kilichokuwa barabarani linakuachia wewe mlangoni: ukuta wa theluji iliyoshindiliwa, imechanganyika na chumvi na mapande ya barafu, kimo cha goti, umeziba njia yote ya kutolea gari. Na zamu yangu ya hospitali ilikuwa inaanza saa moja asubuhi. Ukiushika ukuta ule kwa koleo, ukimaliza unatakiwa ulazwe wewe.

Mtu wa kwanza kuunda mashine ya kupuliza theluji iliyofaa alikuwa Arthur Sicard, wa Quebec, ng'ambo tu ya mto ukiwa Ottawa. Aliiunda mwaka 1925, na mwaka 1927 akauza ya kwanza kwa mji wa Outremont. Zile zake zilikuwa za kubebwa na lori. Hizi za nyumbani zilikuja baadaye, na yangu ni katika kubwa za nyumbani: mdomo wake una upana wa inchi 28, yaani kama sentimita 71, uzito wake unapita kilo 100, na inatembea yenyewe kwa magurudumu yake, wewe unaiongoza tu. Mbele kuna bapa za chuma zilizojipinda, zinazunguka polepole na kuivuta theluji kuipeleka katikati. Nyuma yake kuna pangaboi linalokwenda mbio. Hilo ndilo linaloipokea theluji na kuirusha kupitia dohani mpaka upande wa pili wa uwanja. Dohani unaigeuza kwa mkono ili usimmwagie jirani, ingawa wako majirani wanaostahili.

Sasa nije kwenye mafunzo ambayo msomaji mwenzangu hayaoni.

Zile bapa za mbele hazikukazwa kwenye mhimili wake kwa bolti ngumu. Zimeshikwa kwa pini laini, moja kila upande, na pini hizo zimetengenezwa makusudi zikatike. Ukikutana na jiwe, ubao, au barafu iliyoshikamana, pini inakatika, bapa zinasimama, na giaboksi linasalimika. Na mnajua, Ndugu Mhariri, adui mkubwa wa pini hizo ni nani? Ni gazeti. Kule magazeti hurushwa mlangoni alfajiri, theluji inalifunika, linalowa na kuganda, na mashine ikilimeza linajikunja kwenye mhimili likawa gumu kuliko gogo. Pini zangu nyingi zilikufa kwa ajili ya habari za jana yake. Naamini gazeti lenu halina dhambi hiyo.

Jirani yangu mmoja alichoka kununua pini. Akaenda duka la vyuma, akatia bolti ngumu za chuma cha pua. Akatamba kipindi chote cha baridi kwamba sisi wengine ni wajinga, tunanunua vitu vya kukatika. Kisha akakutana na jiwe la ukingo. Bolti haikukatika. Kilichokatika ni meno ya gurudumu la giaboksi, lile la shaba nyekundu, na bei yake ilikaribia nusu ya mashine. Haya, bwana msomaji, ingia nyumba yoyote ya hapa kwetu uangalie kwenye boksi la fyuzi. Fyuzi ikikatika tunafanya nini? Tunatia waya wa kawaida, mnene, "ili isisumbue". Watu wamechomewa nyumba kwa namna hiyo, na televisheni na friji zisizo na hesabu zimekwenda. Jirani yangu na sisi tuna akili moja, yeye wa kwenye baridi na sisi wa kwenye joto.

Lakini hilo la pini ni dogo. Kubwa lililonifanya niandike ni petroli.

Mashine ya theluji inafanya kazi miezi minne mitano, kisha inasimama miezi saba. Ukiiacha na petroli ndani, ukarudi Novemba theluji imeshaanguka, unavuta kamba mpaka bega linauma na haiwaki. Petroli ya Kanada huchanganywa na ethanoli, mara nyingi mpaka asilimia 10, na ethanoli inanyonya maji ya hewani. Maji yakizidi yanajitenga na kukaa chini, palepale kabureta inapovutia. Lakini hata petroli isiyo na ethanoli haidumu. Sehemu zake nyepesi, zile zinazoshika moto kwa urahisi, zinaruka hewani. Zinazobaki zinageuka utomvu. Vitabu vya injini hizi vinaonya juu ya petroli iliyokaa zaidi ya siku 30. Na huo utomvu hauendi mahali pengine ila kwenye tundu dogo kuliko yote.

Tundu hilo ni la kulitazama kwa miwani. Injini yangu ni Tecumseh, kampuni ya Marekani iliyoacha kutengeneza injini hizo mwishoni mwa 2008. Chini ya kabureta yake kuna kikombe kidogo cha bati, kimeshikwa na nati moja tu chini yake. Mtu anayeifungua mara ya kwanza anadhani ile ni nati ya kushikia kikombe basi. Siyo. Ile nati yenyewe ndiyo jeti, yaani kipande chenye tundu la kupimia petroli. Imetobolewa ndani, na ubavuni ina vitundu ambavyo kimoja ni chembamba mno. Petroli ya injini inapita humo kwenye nati. Vitundu vikiziba nusu, injini inawaka lakini inapumua juu chini, inapanda na kushuka, au inakubali kwenda ukiwa umefunga choki tu, yaani kile kibati cha kupunguza hewa, ukifungua choki inazima. Vikiziba vyote, utavuta kamba mpaka Ijumaa.

Sasa hebu niambieni: hiyo ni tabia ya mashine ya theluji tu? Jenereta lenu la nyumbani halifanyi hivyohivyo?

Wenye umri wanakumbuka. Mei 2008 Unguja iliingia gizani karibu mwezi mzima. Tarehe 10 Disemba 2009 ikaingia tena, na umeme haukurudi mpaka Machi 2010. Waya wa baharini uliokuwa umetandikwa tangu 1980 ulikuwa umechoka. Sisi wa Pemba safari ile hatukuguswa, kwa sababu tulikuwa bado tunategemea mitambo yetu ya dizeli ya Wesha. Waya wetu kutoka Tanga umekuja mwaka huohuo wa 2010. Katika miezi ile Unguja kila aliyejiweza alinunua jenereta. Kisha waya mpya wa megawati 100 ukaja, na majenereta yakaingia stoo, juu ya paa, chini ya ngazi, yakiwa na petroli yake ndani. Yanatolewa umeme ukikatika siku ya arusi au maulidi. Kusimama kwingi, kazi kidogo. Ndiyo hali ileile ya mashine ya theluji, tena sisi tuna joto linaloirusha petroli upesi zaidi, na hewa ya chumvi juu yake.

Shemeji yangu wa Kiembesamaki ana jenereta moja la namna hiyo. Nilikuwa kwake wakati wa hitima ya mkwewe. Umeme ukakatika jioni, watu wameshaanza kufika, likatolewa jenereta, kamba ikavutwa na vijana wote wa ukoo kwa zamu, haliwaki. Akaitwa fundi. Fundi akavuta mara mbili, akainama, akatikisa kichwa.

"Bi mkubwa, hii pistoni imekwisha. Hapa ni injini mpya tu."

Nikamwuliza, "Mwanangu, ulipovuta kamba, ilikuwa nyepesi au ilikushika mkono?"

"Ilishika."

"Sasa pistoni iliyokwisha inashikaje?"

Akanyamaza. Namsifu kwa hilo, wengine wangebisha. Kamba ikiwa inagoma na kurudisha mkono, maana yake ndani mna mgandamizo, pistoni na ringi zake hazijambo, na haja ya injini mpya haipo. Nikaomba spana namba 10. Tukafunga koki ya petroli, tukafungua bolti ya chini ya kikombe cha kabureta, kikombe kikashuka mkononi mwangu, na harufu ikatoka, si ya petroli tena, harufu ya rangi ya mafuta iliyochacha. Ndani mlikuwa na ute wa kijani kibichi, na pembeni unga mweupe uliokula bati. Nikamwonyesha fundi kwa tochi ya simu. Jeti ya jenereta haiko kwenye nati, iko juu kidogo, ndani ya kile kiguzo cha katikati. Unaifungua kwa bisibisi bapa inayoenea sawasawa, maana ni shaba laini na ukiichubua kichwa umekwisha. Nikaielekeza kwenye tochi: hapaonekani mwanga. Tukachuna uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa taa, tukazibua taratibu. Si sindano ya kushonea, tafadhali, sindano inapanua tundu, na tundu likishapanuka jenereta litakunywa petroli na kutoa moshi mweusi maisha yake yote. Tukamwaga petroli ya zamani, tukatia mpya. Likawaka. Hitima ikasomwa taa zikiwaka, na fundi akala pilau akapewa na haki yake, kwa sababu mkono uliokaza bolti ulikuwa wake.

Sikuandika haya kuwadhalilisha mafundi. Wengi wamejifunza kwenye pikipiki na injini za boti, na hizo zinatembea kila siku, petroli yake haipati nafasi ya kuchacha. Mvuvi wa Wesha hana ugonjwa huu. Ugonjwa wa kusimama unahitaji mtu aliyeuona. Lakini yapo pia mazoea mabaya, ya kumwambia mwenye mali "imekufa" kisha injini ileile kuikuta inavuta maji kwenye shamba la mtu mwingine. Hilo mwenyewe nimeliona na kulinyamazia.

Jambo jingine linalowapoteza mafundi kwenye jenereta, ambalo mashine yangu ya theluji haina, ni kihisio cha oili. Majenereta mengi ya petroli yana kidude ndani kinachokata moto wa plagi oili ikipungua. Unavuta, petroli inafika, plagi nzima, haina cheche, fundi anaanza kuuza koili, ile inayotoa umeme wa cheche. Kumbe oili iko chini ya alama. Au oili imetimia, lakini jenereta limewekwa kwenye mteremko wa uani, oili imekwenda upande mmoja na kihisio kimeamini imekwisha. Liweke sawa, tazama oili kwa kijiti chake, kisha ndipo uanze kuzungumza habari za koili.

Nirudi kwa mashine yangu, maana tangu ifike imepata wachumba wengi. Mtoto wa dada yangu anataka kuing'oa injini aifunge kwenye mashine ya kukunia nazi. Akaniambia, "Mamkubwa, injini nzima, kwa nini ikae bure?" Hoja yake nzuri. Lakini injini ya theluji imeumbwa kwa hewa ya baridi iliyo safi. Ukiifunua huoni filta ya hewa. Haina kabisa, na wala haikupotea: theluji haina vumbi, na filta ikiwekwa ingeziba kwa barafu. Mahali pake kuna boksi la bati linaloikusanyia kabureta joto la ekzosi isigande. Iwashe injini hiyo uani Chake Chake wakati wa kiangazi, vumbi jekundu linaingia moja kwa moja kwenye silinda na kuikwangua. Na kabureta yake imepimwa kwa hewa nzito ya baridi, kwenye joto letu itakuwa inamwaga petroli kupita kiasi. Kwa hivyo kabla ya nazi yoyote, iondolewe boksi la joto, ifungwe filta ya kweli, ibadilishwe jeti, na oili isiwe ile nyepesi ya baridi, 5W-30, bali SAE 30 au 10W-30. Kijana anaelewa. Anatafuta filta.

Na kuna waya mweusi unaoning'inia ubavuni mwake wenye plagi ya bapa mbili. Watu wanaushika na kuuliza unachomekwa wapi. Usichomekwe popote! Ule ni wa stata ya umeme, ya kuwashia injini bila kuvuta kamba, ya volti 120 za kule, na ukutani kwetu mna 230. Ukiuchomeka kwa adapta utasikia mlio mmoja, kisha harufu. Nimeufunga kwa kitambaa na kuufungia fundo.

Mchumba mwingine alikuja wakati wa karafuu. Bwana mmoja mwenye mikarafuu yake Mtambwe, mtu wa heshima, alikaa barazani akaieleza fikra yake: zile bapa zichambue karafuu kutoka kwenye vikonyo, na pangaboi lizirushe juu ya majamvi. Nilimwambia, bwana, itafanya yote hayo, ila majamvi itakuwa ni ya jirani yako wa tatu, na karafuu itakuwa unga. Akacheka, akanywa kahawa yake, akaenda zake. Mpaka leo sina hakika kama ameiacha fikra ile.

Alipokuwa akiieleza alitia mkono mdomoni mwa mashine kunionyesha. Nikamkamata kifundo. Kazini nilipokea vidole vilivyokatwa na mashine hizi, na wengi katika wagonjwa wale waliapa kwamba injini ilikuwa imezimwa. Walisema kweli. Theluji mbichi inapoziba pangaboi, mkanda unabaki umejivuta kwa nguvu ingawa injini haiungurumi. Ukiizibua kwa mkono, nguvu iliyobaki inalizungusha pangaboi kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha. Ndiyo maana mashine inauzwa na kijiti chake cha kuzibulia kimebandikwa juu. Mnaotumia mashine za kusagia na za kukunia, mnanielewa.

Kwa jenereta hatari ni mbili, na zote mbili hazina kelele. Moja ni moshi wake. Ndani ya moshi wa petroli mna gesi ya kaboni monoksidi, haina rangi wala harufu, inashika nafasi ya hewa katika damu, na mtu analala tu. Kule watu hufa kwa kuiwasha mashine ya theluji ndani ya banda la gari mlango ukiwa nusu wazi. Hapa tunaliweka jenereta ukumbini lisiibiwe, au chini ya dirisha la chumba cha watoto. Liwe nje, mbali na madirisha, na liwekewe mnyororo kama ni wezi mnaowaogopa. Ya pili ni ile plagi ya vichwa viwili ambayo mtu anaichomeka kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Umeme unarudi kwenye nguzo. Fundi aliyepanda kurekebisha laini anajua imezimwa, kumbe ipo hai kutoka kwako. Swichi ya kugeuzia ndiyo dawa, afunge fundi wa umeme anayejua, gharama yake ni ndogo kuliko jenereta lenyewe.

Sasa ninachoomba. Wenye maduka ya majenereta, Darajani na hapa Chake, wampe mnunuzi karatasi moja ya Kiswahili. Si kitabu, karatasi. Iseme: ukimaliza kulitumia na hujui lini utalitumia tena, funga koki, liache liendelee kuwaka mpaka lizime lenyewe kwa kukosa petroli, kisha fungua skrubu ya chini ya kabureta imwage kilichobaki. Iseme liwashwe mara moja kila mwezi likiwa na mzigo, taa na friji, si kuunguruma bure. Iseme petroli isihifadhiwe kwenye dumu la mafuta ya kula, ambalo hata likioshwa vipi lina mabaki, na isiwekwe jikoni. Iseme oili ya kwanza imwagwe mapema, baada ya saa kama 20 za kazi, kwa sababu injini mpya inatoa vumbi la chuma. Hayo tu. Nimekwisha kuiandika kwa mkono, atakaye nakala atapata.

Na walimu wa Kituo cha Mafunzo ya Amali Vitongoji, najua mna vijana wa makanika. Wapeni injini iliyosimama na si iliyopata ajali tu. Wafungue kabureta iliyochacha, wanuse, waone ule ute kwa macho yao, wauelekeze mwanga kwenye jeti. Yangu nipo tayari kuwaazima kwa kazi hiyo kabla mtoto wa dada yangu hajaipeleka kwenye nazi. Kusema kweli, haikumwagwa petroli kabla ya kupakiwa sawasawa kama nilivyokuwa nikifanya mwenyewe, na imekaa baharini na bandarini muda mrefu, kwa hivyo ndani mna somo zima linawasubiri. Mje na spana, bisibisi bapa na beseni la kukingia. Chai ipo.

Msomaji aliyeicheka naye namkaribisha, baada ya Alasiri ndiyo wakati mzuri. Akiwa na jenereta lisilowaka alilete, tutalifungua pamoja hapo barazani. Ila petroli aimwage kwake kabla ya kupanda daladala.

Msomaji wenu,
Muuguzi mstaafu,
Machomanne, Chake Chake, Pemba